Safari ya Kikundi Bonde la Ufa: Tukatazame Nini, Turudi na Nini?

Somo la kujadiliwa kikundini. Vikao viwili: kimoja kabla ya safari, kingine baada ya kurudi.



Mwezi wa Novemba ukifika, vikundi vyetu vingi hufunga hesabu ya mwaka. Na karibu kila mara yupo mtu ambaye husimama na kusema, "Na sisi twende tripu. Kila siku ni jembe tu na mikutano." Husema kweli. Mtu akitoka kwake kidogo, hurudi na macho mapya. Lakini hebu tuseme ukweli mwingine pia: safari za vikundi zimevunja vikundi.

Nakumbuka kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea. Watu 28, magari mawili ya kukodi. Walipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri, wakaondoka saa nne kwa sababu gari moja halikutokea. Walipofika lango la mbuga ya Ziwa Nakuru ilikuwa saa tisa mchana. Mweka hazina akafungua mkoba wake atoe pesa, akaambiwa hapa hatupokei pesa taslimu, lipeni kwa simu. Ikawa ni kukimbia kutafuta wakala. Kisha wakaulizwa vitambulisho. Kina mama tisa hawakuwa wamebeba, na hakuna aliyekuwa amewaambia wabebe. Wenye vitambulisho wakaingia, wale tisa wakabaki nje wakila mahindi ya kuchoma. Waliorudi waliona nyati wachache na jua likitua. Kikao kilichofuata kilikuwa ugomvi mtupu, ati pesa za akiba zimeliwa na wachache.

Lawama nyingine ilinifikia mimi, na ilikuwa haki yangu. Ndimi niliyewaambia, "Nendeni, mtafurahi," nikaishia hapo. Sikuwaandaa. Mwaka uliofuata tulianza upya, tukajadiliana kwanza. Somo hili limetokana na safari hiyo ya pili.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa vikao hivi viwili, kila mwanakikundi aweze:
(a) kueleza historia ya angalau sehemu mbili za Bonde la Ufa;
(b) kueleza jinsi maji na udongo wa huko vinavyofanana na vya kwetu;
(c) kushiriki katika uamuzi mmoja ambao kikundi kitautekeleza nyumbani.

Tutatumia njia tuliyoizoea: Kuona, Kupima, Kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

Tumechagua njia ya kutoka Mai Mahiu hadi Nakuru kwa sababu mbuga na sehemu za kale ziko karibu karibu kando ya barabara. Msijaribu kuziona zote siku moja. Chagueni mbili, au tatu mkiondoka mapema. Na kila mnaposimama, ulizeni swali hili moja: Maji yalikuwa wapi zamani, na sasa yako wapi?

1. Kanisa dogo la Mai Mahiu

Ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kando ya barabara utaona kanisa dogo sana. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitaliano waliotekwa vitani, wakaletwa hapa kujenga barabara hiyo. Watu waliokuwa wafungwa, mbali na kwao, walipata nguvu ya kujenga nyumba ya sala. Simameni dakika kumi, msali, mtazame bonde lote lilivyo chini yenu. Bure kabisa.

Kutoka hapo juu tazameni pia vile maji ya mvua yanavyoteremka. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya mfereji ulioziba chini ya reli yalifumuka, yakashuka na mawe na matope mpaka kwenye makazi karibu na Mai Mahiu. Makumi ya watu walikufa, wengi wakiwa usingizini. Wasomeeni sala marehemu hao kabla hamjaendelea.

2. Mbuga ya Hell's Gate, Naivasha

Hii ni mbuga ndogo, kama kilomita 68 za mraba, iliyotangazwa mwaka 1984. Faida yake kwa kikundi ni kwamba unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Mtaona punda milia, twiga, swara na nyati. Nyati mwacheni kabisa, hata akionekana mpole.

Karibu na lango kuna nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, yenye jina la Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883. Mbele zaidi utaona moshi mweupe ukitoka ardhini. Si moshi, ni mvuke. Chini ya miamba hiyo kuna joto kali, na maji yanayolifikia hurudi juu yakiwa mvuke. Tangu mwaka 1981 mvuke wa Olkaria umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme. Huenda taa inayowaka kwenye soko lenu inatoka hapo.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya mbuga hiyo kuna korongo, yaani bonde jembamba kati ya kuta za mawe. Ni pazuri mno, na ni pa hatari. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla humo wakafa. Mwezi Septemba 2019 watu wengine saba wakafa vivyo hivyo. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, nyinyi mko pakavu na jua linawaka, mara maji yanafika kama ukuta na hakuna pa kupandia. Kwa hivyo: ulizeni askari wa mbuga kama korongo limefunguliwa. Akisema limefungwa, msibishane naye. Likiwa limefunguliwa na mwone mawingu yoyote upande wa juu, msiingie. Hakuna picha inayostahili maisha ya mtoto wa mtu.

3. Kariandusi, karibu na Gilgil

Hapa hakuna simba wala kifaru, na watu wengi hupapita. Msipapite. Mwaka 1928 kikosi cha Louis Leakey kiligundua hapa shoka za mkono za mawe. Hazina mpini. Mtu alizishika kiganjani akachuna ngozi, akakata nyama, akapasua mfupa. Baadhi zimechongwa kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo hutokana na volkano. Wataalamu wanakadiria kwamba shoka hizo zina umri wa zaidi ya miaka 700,000. Nyingi zimeachwa pale pale zilipofukuliwa, nawe unazitazama kwa macho yako.

Lakini kwa nini watu wale walikaa hapo? Jibu liko jirani. Huko kuna udongo mweupe, mwepesi kama unga, ambao umechimbwa kwa miaka mingi. Udongo huo ni maganda ya viumbe vidogo vidogo vya majini vilivyokufa na kutuama chini ya ziwa. Mahali unaposimama leo ukiwa na vumbi kwenye viatu palikuwa ni ziwa, na watu waliishi karibu na maji. Ziwa likaondoka. Watu pia wakaondoka.

4. Hyrax Hill, Nakuru

Kilima hiki kiko kama kilomita nne kutoka mjini Nakuru. Jina lake linatokana na pimbi wanaoishi kwenye mawe yake. Mary Leakey alichimba hapa kuanzia mwaka 1937, mahali pakawekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1943, na makavazi madogo yakafunguliwa mwaka 1965. Zamani sana maji ya ziwa yalifika karibu na kilima hiki. Leo ziwa lenyewe mtaliona kule mbali.

Mambo matatu ya kutazama. Kwanza, mashimo mapana ya Wasirikwa. Wasirikwa walikuwa wafugaji waliokaa nchi hiyo kabla ya Wamaasai, na mashimo hayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Pili, makaburi ya kale zaidi. Wachimbaji walikuta vyombo vya mawe vimezikwa pamoja na wanawake, lakini wanaume hawakuwa navyo. Nilipoeleza jambo hilo, mama mmoja wa kikundi chetu alicheka akasema, "Kumbe hata huko walijua jikoni ni kwa nani." Mwingine akamjibu, "Au walijua mali ni ya nani." Wakabishana mpaka tukapanda gari. Tatu, safu za vishimo vilivyochongwa juu ya mwamba. Wazee wetu walivitambua mara moja: ni bao, ambalo Wajaluo huita ajua na Wakikuyu giuthi. Watu waliotafuta malisho na maji walipata pia nafasi ya kucheza.

5. Mbuga ya Ziwa Nakuru

Mahali hapa palianza kama hifadhi ya ndege, pakawa mbuga ya kitaifa mwaka 1968. Imezungushwa ua pande zote, na ndani yake kifaru hulindwa tangu mwaka 1987. Sababu ya kumlinda ni hii: mnamo mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Muda huo ni mfupi kuliko umri wa mama kulea mtoto mpaka aoe. Walimalizwa kwa ajili ya pembe.

Wengi wetu tulikua tukiona picha za flamingo wakiufanya ufuo mzima kuwa wa rangi ya waridi. Msishangae mkikuta ni wachache. Ziwa hili halina njia ya kutoa maji. Yanayoingia kutoka mito ya Njoro, Makalia na Nderit, na kutoka mjini, hubaki humo mpaka jua liyakaushe. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda, yakameza ufuo, msitu wa migunga, na hata lango kuu la zamani, ikabidi lango lijengwe kwingine. Maji yalipozidi, chumvi ilipungua, na mimea midogo ambayo flamingo hula ikapungua. Wengi wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Wataalamu wanataja mvua iliyoongezeka kuwa sababu kubwa. Tena wanataja udongo unaosombwa na mito tangu misitu ya Mau ilipokatwa, ukaenda kujaza ziwa.

Kwa hivyo ng'ombe aliyelishwa ukingoni na mti uliokatwa huko juu, vyote vinahesabiwa hapa chini.

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Kikao hiki kifanyike wiki moja baada ya kurudi, si siku ile ile. Watu wakiwa wamechoka husema tu, "Ilikuwa nzuri." Mgawanyike watu watano watano, kila kundi lichague maswali mawili, kisha mkutane wote.

1. Ni kitu gani kimoja ulichokiona ambacho huwezi kukisahau? Kwa nini?
2. Kariandusi watu waliondoka maji yalipoondoka. Kijijini kwetu, ni chemchemi au mto gani umekauka tangu ulipokuwa mtoto? Wazee waulizwe kwanza.
3. Watu wa Mai Mahiu walipata msiba uliotoka juu yao. Ni nani anaishi chini yetu? Tunamteremshia nini mvua ikinyesha?
4. Kifaru alikuwa karibu kwisha tukiwa tunatazama. Ni mti gani, ndege gani au mmea gani wa dawa ambao watoto wetu hawaujui tena?
5. Kule wameweka ua na askari. Kwetu hakuna askari. Nani atalinda?

Nawaonya, swali la tatu na la tano ni gumu. Kikundi chetu kilipofika hapo, kijana mmoja aliuliza, "Ni nani hapa amelima mpaka ukingo wa mto?" Kimya. Kila mtu alijua. Alikuwa mwenyekiti wetu mwenyewe: nduma mpaka majini, na mikaratusi juu yake. Nilitaka kubadilisha mazungumzo, nakiri. Nilihofia kikundi kitavunjika tena. Mzee akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ile mikaratusi ndiyo karo ya wajukuu wangu. Mkitaka niitoe, mniambie karo itatoka wapi."

Hakuna aliyemtukana. Ndipo majadiliano ya kweli yakaanza, kwa sababu kila mtu aliona kwamba wale waliokata msitu kule juu pia walikuwa na karo ya kulipa.

Kwa mwanga wa Neno la Mungu: someni Yoshua sura ya 4. Baada ya kuvuka Yordani, watu waliagizwa kuchukua mawe 12 kutoka mtoni, wayasimamishe kambini, ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, wazazi wawe na jibu. Jiulizeni: watoto wetu watauliza juu ya nini? Nasi tutawajibu nini?

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

A. Kabla ya safari

1. Pesa. Safari ichangiwe kando kwa miezi kadhaa. Akiba na pesa za mikopo zisiguswe. Uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mfano wa hesabu: gari la abiria 14 likikodiwa kwa shilingi 14,000, kila mmoja ni 1,000 kabla ya kiingilio na chakula. Ikiwa watu wanne watajitoa dakika ya mwisho, waliobaki watalipa 1,400. Kwa hivyo wekeni sharti: anayejitoa baada ya tarehe fulani harudishiwi. Mweka hazina asome risiti zote kwenye kikao cha kwanza baada ya safari.

2. Kiingilio. Mbuga za KWS hulipiwa kwa mtandao wa eCitizen, hata kwa simu. Mlipe mapema mkiwa na kijana anayejua. Bei hubadilika, na watu wazima, watoto na wanafunzi hawalipi sawa, basi ulizeni wiki ile ile. Sehemu za kale kama Kariandusi na Hyrax Hill ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na malipo yake ni tofauti.

3. Vitambulisho. Kila mtu mzima abebe chake. Katibu akague kabla gari halijaondoka.

4. Gari. Mtazame bima na leseni ya dereva wenyewe, msitosheke na kuambiwa. Muwe na namba ya simu ya gari la pili.

5. Wakati. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jioni saa kumi na mbili mnatakiwa muwe mmetoka. Wanyama huonekana vizuri asubuhi.

6. Chakula. Bebeni githeri na chai kutoka nyumbani. Tangu Juni 2020 vitu vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi mbugani, kwa hivyo maji yawe kwenye chupa za kudumu au mtungi. Msimpe nyani chakula, atawanyang'anya na kilichobaki.

7. Wajibu. Mmoja aandike, mmoja ahesabu watu kila mnapopanda gari, mmoja awaangalie wazee.

B. Baada ya safari

Chagueni jambo moja tu, lenye tarehe na jina la mwenye kazi. Mambo kumi hayafanyiki.

Kikundi chetu kilichagua ukingo wa mto. Afisa wa kilimo alikuja akaeleza tuache angalau mita 6 bila kulima, na akashauri nyasi za mabingobingo juu ya ukingo na miche ya miti ya kienyeji karibu na maji. Kikundi kilimpa mwenyekiti mkopo wa mbuzi wawili wa maziwa, naye akakubali kung'oa mikaratusi kwa awamu, safu moja kila mwaka. Safu mbili zimetoka. Ya tatu bado imesimama, na mbuzi mmoja alikufa. Sisemi kwamba mto umerudi kama zamani. Nasema kwamba mwenyekiti alikuwa wa kwanza kung'oa, na majirani wawili wasiokuwa wanakikundi wamemfuata.

C. Sehemu zenu wenyewe

Mnaporudi, msidhani historia iko Nakuru tu. Karibu kila tarafa ina pango walimojificha wapiganaji, mti wa sala za wazee, kisima cha kale, au nyumba ya kwanza ya misheni. Katibu akae na wazee watatu, aandike wanayoyajua: jina, maana yake, nani aliishi hapo. Wazee hawatungoji.

Ukilima ukakuta chungu cha kale, mifupa ya ajabu au mawe yaliyochongwa, usivunje wala usiuze. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi inamtaka mgunduzi atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba. Acha kitu mahali pake, weka alama, mwambie chifu akusaidie kupeleka habari. Shoka la Kariandusi likitolewa mahali pake ni jiwe tu. Likiwa mahali pake ndipo tunapojua kwamba hapo palikuwa na ziwa na watu.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanakikundi amuulize mtu wa miaka zaidi ya 70: "Ulipokuwa mtoto, mlichota maji wapi?" Aende pale akapatazame. Alete jibu kwenye kikao kijacho.

Vikundi vitakavyofanya safari hii, tuandikieni mlichokiona na mlichoamua. Hata ikiwa gari liliharibika, tuandikieni. Mungu awabariki, awalinde njiani, awarudishe salama.

Wenu katika kazi ya maendeleo.